Programu gani ya kunasa skrini inafaa kuandikia mwongozo wa kazi za ofisini?

karani_mikopo

Habari za kazi, wanajukwaa.

Nimekabidhiwa jukumu la kuandika mwongozo wa mfumo wa kompyuta tunaoutumia katika chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanzania: namna ya kumfungulia mwanachama akaunti, kupokea marejesho ya mkopo, kufunga hesabu za siku na kutoa taarifa ya mwisho wa mwezi. Mpaka sasa ujuzi huo umo vichwani mwa makarani wachache, na aliye mzoefu kuliko wote anakaribia kustaafu. Mwongozo utachapishwa kwa ajili ya matawi ambayo intaneti yake ni ya kusuasua, na nakala ya PDF itawekwa katika kila kompyuta.

Vifaa vyetu ni kompyuta mpakato za kawaida zenye RAM ya GB 4, nyingi zikiwa na Windows 10 na chache Windows 11, isipokuwa meneja anayetumia Mac. Kwa sasa nabonyeza Print Screen, nabandika picha kwenye Word, kisha nachora mshale mwekundu juu yake kwa zana za Word zenyewe. Tatizo ni kwamba nikiongeza sentensi moja tu mwanzoni mwa ukurasa, picha inahamia ukurasa unaofuata na mshale unabaki ukielekeza kwenye nafasi tupu. Isitoshe, kila picha ina jina, namba ya simu na salio la mwanachama halisi, na sijui njia iliyo salama ya kuvificha.

Nimesoma habari za Snagit, Greenshot, ShareX na OBS, na kila moja inasifiwa na wanaoitumia. Naomba mnisaidie kigezo cha kuchagulia, na pia mniambie iwapo ni busara kuomba fedha za kununua programu ya kulipia au za bure zinatosha. Je, nirekodi video badala ya picha?

mhariri_miongozo

Ndugu mleta mada, programu hizo zote zinafanya kazi yake vizuri, na ndiyo sababu kulinganisha sifa zake hakutakufikisha mbali. Tukiiweka OBS kando, ambayo ni ya video, kila moja inanasa skrini nzima, dirisha moja, au eneo unalolizungushia kwa kipanya. Hata Snipping Tool iliyomo ndani ya Windows inafanya hivyo ukibonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Swali ninalolitanguliza mimi kila ninapoanza mwongozo ni hili: siku watengenezaji wa mfumo wenu watakapotoa toleo jipya na kitufe cha kuhifadhi kikahama kutoka chini kwenda juu, ni nani atakayerekebisha picha, na atairekebishia kwenye nini?

Mwongozo wa mfumo hauandikwi mara moja ukaisha. Ukichora mshale kwenye picha kisha ukaihifadhi kama PNG pekee, yaani faili ya kawaida ya picha, mshale na picha vimekuwa kitu kimoja, na huwezi tena kuusogeza wala kubadilisha namba ya hatua. Kwa hiyo tafuta programu inayokuwezesha kuhifadhi nakala ya kazi, ambayo mishale, namba na maandishi yake yamebaki kama matabaka yanayoweza kuhamishwa. Greenshot, ambayo ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) na haina malipo kwenye Windows, inahifadhi nakala ya namna hiyo kwa kiendelezi chake yenyewe, yaani mwisho wa jina la faili, .greenshot. Pia ina viduara vya namba vinavyojihesabu: ukiweka cha kwanza ni 1, kinachofuata kinakuja na 2 bila wewe kuandika. Ni nyepesi, na GB 4 hazitailemea.

Snagit ya kampuni ya TechSmith imekuwapo tangu 1990 na inaonyesha umri wake kwa wema. Inaunganisha ukurasa mrefu usioenea kwenye skrini kuwa picha moja, ina maktaba ya picha zote ulizonasa, na yenyewe pia huhifadhi nakala yenye matabaka. Kwa mwandishi ambaye kazi yake ya kila siku ni miongozo, ningesema ilipiwe bila kusita. Kwa ofisi yenu nasita, kwa sababu sasa inauzwa kwa usajili wa mwaka, na mwaka ambao bajeti itakataliwa ndio mwaka ambao karani mpya atashindwa kufungua nakala za kazi ulizomwachia. ShareX nayo ni huria, inaunganisha kurasa ndefu vilevile, lakini mipangilio yake ni mingi kiasi kwamba mtu asiyependa kuchokonoa menyu ataichukia kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu picha kuhama kwenye Word, chanzo chake ni kuchorea mishale ndani ya Word. Mshale uchorwe kwenye programu ya kunasa, picha iingie Word ikiwa imekamilika, na uipange ikae kwenye mstari wa maandishi kama neno mojawapo badala ya kuelea. Hapo ikihama inahama na kila kilichomo. Nenda pia kwenye mipangilio ya Word uzuie kubana ubora wa picha, kwa kuwa isipozuiwa huweza kupunguza picha hadi nukta 220 kwa inchi unapohifadhi. Na faili ziwe PNG, si JPEG, maana JPEG ilibuniwa kwa picha za kamera, na kwenye maandishi madogo huacha vumbi kuzunguka kila herufi.

Jambo ambalo wengi huligundua baada ya kuchapisha ni ukubwa wa herufi. Skrini ya inchi 15.6 ina upana wa karibu sentimita 34.5, ilhali karatasi ya A4 yenye pambizo za kawaida inakuachia sentimita 16 hivi. Ukiweka skrini nzima, herufi iliyokuwa na kimo cha milimita 3 inashuka chini ya milimita 1.5, na karani mwenye miwani ataisoma kwa kukisia. Kwa hiyo usinase skrini nzima isipokuwa picha moja ya mwanzo wa kila sura, inayomwonyesha msomaji yuko wapi. Zinazofuata ziwe vipande tu. Kwenye ukurasa wa kupokea marejesho, kwa mfano, nasa sehemu ya kutafutia mwanachama, kisha jedwali la mikopo yake, kisha kisanduku cha kiasi pamoja na kitufe cha kuthibitisha. Dirisha la mfumo liwe na ukubwa uleule kila unaponasa, la sivyo herufi zitakuwa kubwa ukurasa huu na ndogo ukurasa ule.

Ukitaka kunasa menyu iliyofunguka, ambayo hujifunga mara tu unapogusa kitu kingine, tumia kipengele cha kuchelewesha kilichomo kwenye Snipping Tool: unaweka sekunde chache, unafungua menyu yako kwa utulivu, na skrini inasimama yenyewe muda ukifika.

tehama_mkoani

Naunga mkono karibu yote aliyoyasema mhariri, lakini ushauri wake wa kuhifadhi nakala yenye matabaka una hatari ambayo hakuitaja. Ukifunika jina la mwanachama kwa kisanduku cheusi ndani ya faili ya .greenshot, jina hilo halijafutwa. Limefunikwa tu, na yeyote atakayeifungua faili hiyo atakiondoa kisanduku na kusoma kila kitu. Word nayo ina tabia hiyohiyo, kwa sababu sehemu ya picha uliyoikata inabaki ndani ya hati mpaka uiamuru ifute sehemu zilizokatwa. Nakala za kazi zikae kwenye folda ya mwandishi peke yake, na matawini iende PDF iliyotengenezwa kutokana na picha za PNG ambazo zimeshakamilika.

Usitegemee pia kutia ukungu au kuvuruga maandishi kwa vijiraba, yaani miraba midogo ya rangi. Tangu 2020 kuna programu huria iitwayo Depix iliyoonyesha kwamba maandishi ya skrini yaliyovurugwa kwa vijiraba yanaweza kusomwa tena katika mazingira fulani, hasa pale aina ya herufi inapojulikana, na aina ya herufi za mfumo wenu inajulikana na kila mtu anayeutumia. Tumia kisanduku kilichojazwa rangi moja isiyopenya. Kukata nako kuna historia yake: Machi 2023 ilibainika kuwa Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10, unapofungua picha, ukaikata na kuihifadhi juu ya faili ileile, zilikuwa zikiacha data ya zamani mwishoni mwa faili, kiasi kwamba sehemu ya kile ulichokikata ingeweza kurejeshwa. Kasoro hiyo, iliyoanza kujulikana kwenye simu za Google Pixel na kupewa jina la aCropalypse, Microsoft waliirekebisha mwezi huohuo. Lakini kompyuta ambayo haijawahi kusasishwa tangu inunuliwe haijui habari za marekebisho hayo. Bora kuhifadhi kwa jina jipya kuliko kuandika juu ya faili ya zamani.

Hata hivyo, njia iliyo salama kuliko zote haihusiani na programu ya kunasa. Mwombe msimamizi wa mfumo akufungulie mazingira ya majaribio, au walau wanachama wa kubuni wenye majina kama Mwanachama wa Mfano, namba za simu za sifuri tupu na salio la kutunga, kisha upige picha zako zote humo. Hutakuwa na cha kuficha, na picha zitasomeka vizuri zaidi kuliko zile zenye mabaka meusi kila mahali. Mkumbushe meneja wako kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na kwamba ipo Tume inayoisimamia. Salio la mkopo la mtu kubandikwa ukutani tawini si jambo dogo.

Mkichagua ShareX, kabla ya kunasa chochote fungueni orodha ya kazi zinazofanyika baada ya kunasa na mhakikishe kupandisha picha mtandaoni kumezimwa, kwa kuwa programu hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu wanaotaka kushirikiana picha haraka. Pakueni kila programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, wala si kwenye tovuti za kukusanya programu ambazo huongeza mizigo yake. Na kwa kuwa mmetaja Windows 10: Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ni suala la kikao kingine, lakini lisisahaulike, kwa kuwa picha za mwongozo zitakazopigwa kwenye Windows 10 zitatofautiana kidogo na zile ambazo makarani watakuja kuziona.

mwalimu_wa_kompyuta

Mmejibu suala la picha kwa ukamilifu, ila suala la video mmelipita, nami naona ndilo lenye uzito kwa sababu ya huyo karani anayekaribia kustaafu.

Nakubali kwamba video haifai kuwa mwongozo wenyewe. Haichapishwi, haitafutwi kwa neno, na kitufe kimoja kikibadilika inabidi urekodi upya sehemu nzima. Karani aliye na mteja mbele yake hawezi kumwambia asubiri dakika sita atazame video. Lakini video ni mali ghafi bora kuliko zote za kuandikia mwongozo. Mkaribishe mzee huyo akae kwenye kompyuta yake, muwekee kipaza sauti, washa kurekodi, na umwombe afunge hesabu za siku kama anavyozifunga siku zote huku akisema kwa sauti anachofanya na kwa nini. Mwache amalize, maswali yako yaandike pembeni. Mtu akiulizwa ataje hatua zake kwa mdomo, hutaja zile anazozikumbuka, na huziruka zile ambazo mkono wake umezizoea, kama vile kutazama jumla ya fedha taslimu kabla ya kubofya kitufe cha kufunga, au kuchapisha orodha fulani kwanza kwa kuwa baada ya kufunga haipatikani tena. Mambo hayo yanaonekana kwenye rekodi, na ndiyo yanayomkwamisha karani mpya. Ukishairekodi, isimamishe palepale unapotaka, andika hatua, kisha upige picha safi za hatua hizo kwenye mazingira ya majaribio kama alivyoshauri mwenzetu wa TEHAMA. Rekodi yenyewe ina taarifa za wanachama, kwa hiyo ifutwe mwongozo ukikamilika.

Kwa kurekodi, OBS Studio ni huria na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa kompyuta ya GB 4 punguza ukubwa wa video hadi 1280 kwa 720, na fremu, yaani picha zinazounda video, ziwe 10 kwa sekunde, kwa sababu fomu za uhasibu hazina mwendo wa kasi kama mpira. Rekodi kwa muundo wa MKV, kwani kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kazi, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki kikisomeka, ilhali MP4 ya kawaida iliyokatizwa huwa haifunguki; ukimaliza, OBS yenyewe ina amri kwenye menyu ya faili ya kuigeuza MKV kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Kwenye kompyuta zenu za Windows 11 unaweza kuiacha OBS kabisa, kwa kuwa Snipping Tool ya humo, ikiwa imesasishwa, inarekodi video pia. Xbox Game Bar ya Windows 10 sikushauri: inarekodi programu moja tu, na mfumo wenu ukifungua faili kwenye kidhibiti cha folda (File Explorer), sehemu hiyo haitaonekana.

flameshot_pwani

Kwa ajili ya meneja mwenye Mac: asinunue kitu. Tangu toleo la mfumo wa Mac liitwalo Mojave la mwaka 2018, kubonyeza Shift, Command na 5 kunaleta kibao chenye kunasa picha, kurekodi video na kuchelewesha, vyote pamoja. Kama mnataka programu moja inayofanana kwenye mashine zote, Flameshot ni huria na ipo kwa Windows, Mac na Linux, nayo inakuwezesha kuchora mishale na namba palepale kwenye skrini kabla ya kuhifadhi. Kasoro yake kwa kigezo cha mhariri ni kwamba ukishahifadhi, matabaka yameisha.

karani_mikopo

Nawashukuru sana wote. Nimeshamwandikia msimamizi wa mfumo kuomba wanachama wa kubuni, na wazo la kumrekodi mzee wetu nimelipeleka kwake mwenyewe; amekubali kwa sharti kwamba sauti yake isisambazwe, jambo ambalo linaafikiana na ushauri wa kuifuta rekodi.

Naona nitaanza na Greenshot kwa sura ya marejesho ya mkopo, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kabla ya kuamua kwa ajili ya mwongozo mzima. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwenzangu ofisini ananiambia Windows ina kifaa kinachopiga picha chenyewe kila unapobofya na kukuandikia hatua. Je, hakinipunguzii kazi? Pia, printa za matawini ni za wino mweusi tu. Mishale yangu myekundu itaonekana?

mhariri_miongozo

Kifaa anachokisema ni Steps Recorder, kilichokuja na Windows 7 mwaka 2009. Unakiita kwa kuandika psr kwenye kisanduku cha kutafutia. Kila unapobofya kinanasa skrini na kuandika sentensi inayoeleza ulichobofya, kisha kinakupa faili ya zip yenye ukurasa wa kufungulia kwenye kivinjari. Hakiandiki herufi ulizochapa kwenye kibodi, ila picha zake zinaonyesha chochote kilichokuwa kwenye skrini, majina ya wanachama yakiwemo. Kwa mpangilio wa awali kinahifadhi picha 25 za mwisho, kwa hiyo kazi ndefu kama ya kufunga mwezi itakosa mwanzo wake usipoiongeza idadi hiyo kwenye mipangilio. Microsoft walitangaza mwaka 2023 kwamba hawataendelea kukiendeleza, hivyo sitakushauri ukijengee utaratibu wa ofisi, ingawa leo bado kinakufaa kama rasimu ya kukumbushia mpangilio wa hatua. Sentensi zake usizichukue kama zilivyo. Zinataja jina la kitufe na la dirisha basi, hazimwambii karani kwa nini anabofya.

Kuhusu wino mweusi, nyekundu hugeuka kijivu cha wastani, na mifumo mingi ina mistari na vivuli vya kijivu cha namna hiyohiyo, kwa hiyo mshale mwembamba mwekundu utapotea humo. Tumia viduara vya namba vyenye rangi nyeusi ndani na tarakimu nyeupe, vikae kando ya kitufe na si juu yake, na mahali panapohitaji kuzungushiwa tumia mstari mweusi mnene. Katika maandishi yako usiseme kitufe cha kijani au sehemu ya bluu; sema kitufe chenye namba 3. Chapisha kurasa mbili za majaribio kwenye printa ya tawi ambalo wino wake umefifia kuliko yote kabla hujaanza sura ya pili, kwa kuwa kubadilisha unene wa mistari kwenye picha chache ni kazi ya muda mfupi, na kwenye mwongozo mzima ni kazi ya wiki.